Epua Kwanza

Mama mkwe wangu Saveta hakunifundisha kupika.
Alinifundisha kungoja.
Alisimama nyuma yangu kama mdai,
mkono mmoja kiunoni, wa pili umeshika fungu la leushtean
lililokatwa sasa hivi nyuma ya zizi, lingali na umande,
na kila nilipomnyooshea kiganja
aliuvuta mkono wake.
"Epua kwanza."

Jani lenyewe ukiliona utalidharau:
ndugu yake kotimiri aliyekua bila kuchapwa,
kimo cha mtu, bua tupu ndani kama mrija.
Watoto wa huku Bukovina hunywea maji ya kisima kwa bua hilo,
na maji hupanda na ladha ya mchuzi.
Lakini lisugue vidoleni.
Harufu itakwenda nawe kanisani,
itakwenda nawe kitandani,
mumeo Toader atakuuliza, leo kuna supu?
nawe ulipita tu karibu na kitalu.

Supu ni ya maji ya pumba,
pumba za ngano zilizochachushwa siku nne mtungini,
nyuma ya jiko, chini ya kitambaa,
mpaka ziume ulimi.
Viazi, karoti, shingo ya kuku aliyezeeka kwa ukaidi.
Hivyo vichemke vitakavyo.
Jani halichemshwi.
Likichemshwa, alisema Saveta, linageuka nyasi,
na mla nyasi tunaye, anaitwa Joiana.

Joiana huyo, ng'ombe wetu mwekundu,
jina lake la Alhamisi, siku aliyozaliwa,
kila mkesha wa Mtakatifu Georgi alipakwa leushtean
kwenye pembe na kwenye chuchu
wachawi wasimwibie maziwa usiku.
Mimi nilikuwa mpimaji wa kiwanda cha maziwa mjini,
nilivaa koti jeupe,
nilijua kila tone lina vijidudu vingapi.
Nilicheka.
Saveta hakujibu. Alimaliza pembe ya pili,
akafuta mikono kwenye koti langu.

Mbegu zake, kwa tumbo lililojaa upepo.
Mzizi, kwa miguu iliyovimba.
Maji ya majani, kumwogeshea mwali
ili aingiapo uwanjani kucheza, macho yamfuate.
"Nawe uliogeshwa?" nikamwuliza.
"Mara mbili," akasema. "Ya kwanza haikushika."

Hiyo ilikuwa miaka ya maneno.
Tangu kiharusi cha Februari
amelala chumba cha pili, mlango wazi,
anatazama dari kama mtu anayesoma tangazo.
Daktari Hrib alisema tumwongeleshe.
Tumemwongelesha. Toader amemsomea bei za mahindi.
Mimi nimeimba, Mungu anisamehe.
Hata jina la Joiana halikumgeuza shingo.

Jumapili hii, chungu kikitokota,
nilichukua fungu zima, mabua kwa majani,
na nikijua nifanyalo
nikalitosa.
Mvuke ukapanda, ukagonga boriti,
ukashuka, ukaingia chumba cha pili bila hodi.

Nikangoja. Nilifundishwa.

Kilianguka kitu huko, kijiko cha dawa.
Kisha sauti, imeegemea upande wa mdomo ulio hai,
ikikwaruza kama mlango wa ghala:
"E... pua."

Toader alikula mabakuli mawili ya nyasi ile
kichwa chini, bila kuomba chumvi.
La tatu nilimpelekea mwenyewe.
Nikapuliza, nikampa ncha ya kijiko.
Akaonja,
akakunja nusu ya uso,
akatema.